Kijiji cha Ufaransa chenye watu wasiofika 100 na paroko aliyetajirika: pesa alizitoa wapi?

#1 Chumvi ya Uvinza
Wakuu, salaam.

Kuna kijiji kusini mwa Ufaransa kinaitwa Rennes-le-Château. Kiko juu ya kilima katika mkoa wa Aude, kusini mwa Carcassonne, ukielekea milima ya Pyrenees. Ukihesabu wakazi wote, kichanga hadi kikongwe, hawafiki 100. Nyumba za mawe, kanisa moja dogo la Maria Magdalena, na barabara ya kona kona inayopanda kutoka mji mdogo wa Couiza.

Mwaka 1885 akaletwa paroko mpya, Bérenger Saunière, umri miaka 33, mzaliwa wa kijiji jirani cha Montazels. Akakuta paa la kanisa linavuja na nyumba ya paroko haikaliki. Mshahara wake faranga 75 kwa mwezi.

Miaka kama 20 baadaye: kanisa jipya ndani mpaka vioo vya rangi, jumba la ghorofa aliloliita Villa Bethania, mnara wa mawe wa kuwekea vitabu unaoitwa Tour Magdala, bustani, kibanda cha vioo cha mimea. Wageni wanakula na kunywa. Askofu alipomuuliza pesa katoa wapi, majibu yakawa ya kuzungushazungusha. Amekufa 22 Januari 1917, na mali yote ikaonekana iko kwa jina la mpishi wake, Marie Dénarnaud.

Mimi nasema aliokota hazina. Anayebisha alete hoja, matusi abaki nayo.

#2 Kijiti cha Mbege
Nimekaa mstari wa mbele, karanga ninazo.

#3 Nyuki Mkali
Jumba la paroko kwa jina la mpishi. Mkuu, hapo tu hazina imeshapatikana, unachimba nini tena?

#4 Otis wa Ziwani
Rennes si ndio ile timu ya mpira? Hiyo ni mji mkubwa, iko na watu wengi sana.

#5 KatekistaMstaafu
Otis, Rennes ya mpira iko Bretagne, kaskazini magharibi. Hii ni nyingine kabisa, huko chini karibu na Hispania.

Mtoa mada, hazina hakuna. Kuna nia za Misa. Kwa wasio Wakatoliki: muumini anatoa sadaka ili Misa isomwe kwa nia yake, labda kumwombea marehemu. Wakati ule Ufaransa ilikuwa faranga moja, moja na nusu. Sheria ya Kanisa inamkataza padri kupokea sadaka za Misa nyingi kuliko anazoweza kusoma. Sasa Saunière alikuwa akitangaza kwenye magazeti ya Kikatoliki na kuandikia nyumba za watawa, sadaka zinamjia kwa posta kutoka kila kona. Ndicho alichoshtakiwa nacho kwenye mahakama ya jimbo la Carcassonne, kesi ikaenda 1910 hadi 1911, akazuiwa kusoma Misa hadharani. Madaftari yake ya nia yapo, na mkono ni wake.

#6 Hesabu Tupu
Shikamoo mzee. Nimeshika kikokotoo. Alimwambia askofu ametumia faranga 193,150. Gawanya kwa moja na nusu, unapata Misa 128,766. Akisoma moja kwa siku bila kuumwa hata siku moja, ni miaka 352. Hesabu imegoma.

#7 Nyuki Mkali
#6 hesabu imegoma vipi wakati shtaka lenyewe ni kwamba HAKUZISOMA? Alikuwa anapokea tu. Kwani tapeli wa "tuma kwa namba hii" anakuletea mzigo?

#8 Hesabu Tupu
#7 nimenyooka. Ila hata kwa miaka 20, ni sadaka kama 17 kila siku ya Mungu zinapanda kilima. Mbeba barua naye alijengewa nyumba?

#9 KatekistaMstaafu
Marahaba Hesabu. Bahasha moja haikuwa na nia moja. Nyumba ya watawa iliyolemewa ingeweza kumtumia nia mia kwa mkupuo. Na si kila faranga ilitoka huko, alikuwa na wafadhili.

#10 Lushois wa Toulouse
Bandugu, mimi mtu wa Lubumbashi, naishi Toulouse, na huko nimeenda mara mbili. Kutoka kwangu ni kama saa mbili kwa gari. Nirekebishe mawili matatu.

Kwanza, Aude si mkoa, ni département. Mkoa ni Occitanie. Najua mtasema ni yale yale, lakini Mfaransa mwambie hivyo uone.

Pili, mshahara ule wa padri haukutoka kwa askofu, ulitoka serikalini. Ufaransa ililipa mapadri tangu makubaliano ya Napoleon na Papa mpaka sheria ya 1905 ilipotenganisha dini na dola. Ndiyo maana mwaka ule ule wa 1885, uchaguzi ulipofika, Saunière akahubiri waumini wasiwape kura watu wa Jamhuri, serikali ikamkatia mshahara. Alikwenda kufundisha seminari ya Narbonne kwa muda, kisha akarudi. Na huyo mfadhili anayemsema mzee #9: mjane wa Comte de Chambord, yule aliyetaka kuwa mfalme wa Ufaransa, alitoa faranga 3,000 za ukarabati. Kwa hiyo pesa ya kwanza inajulikana, nayo ina harufu ya siasa.

Tatu, picha za mtandaoni zinadanganya. Ukifika, unashangaa kadogo kenyewe. Upepo mwingi, paka wengi, na mandhari ya bonde ambayo inakufanya usahau ulifuata nini. Kisha unaingia kanisani, na kitu cha kwanza mlangoni ni shetani.

#11 Kijiti cha Mbege
Shetani yupi? Mtu au sanamu? Lushois usituache njiani.

#12 Lushois wa Toulouse
Sanamu. Amepiga goti, macho yamemtoka, amebeba bakuli la maji ya baraka mgongoni. Juu yake malaika wanne wanafanya ishara ya msalaba, na maandishi: PAR CE SIGNE TU LE VAINCRAS, yaani kwa ishara hii utamshinda. Nje juu ya mlango kuna Kilatini: TERRIBILIS EST LOCUS ISTE, mahali hapa panatisha.

#13 Mlinzi wa Zamu
Basi imeisha. Freemason huyo. Kanisa gani linaandika "mahali hapa panatisha"? Aliuza roho, akalipwa, akajenga.

#14 KatekistaMstaafu
Mlinzi, fungua Mwanzo 28:17. Yakobo kaamka kutoka ndotoni, akaogopa, akasema mahali hapa panatisha, si kingine ila nyumba ya Mungu. Maneno hayo yamo katika Misa ya kutabaruku kanisa tangu zamani sana. Na shetani kubebeshwa maji ya baraka ni kumdhalilisha. Ndiyo mzigo anaouchukia kuliko yote.

#15 Lushois wa Toulouse
Niongeze: sanamu hizo ziliagizwa kwenye karakana ya Giscard hapa hapa Toulouse, iliyokuwa ikiuza kwa makanisa mengi. Kwa kuzimu walikuwa hawana tawi.

#16 Namba Hazidanganyi
Mnacheka. Hesabuni herufi za PAR CE SIGNE TU LE VAINCRAS. Ni 22. Hesabuni TERRIBILIS EST LOCUS ISTE. Ni 22. Sikukuu ya Maria Magdalena ni 22 Julai. Padri mwenyewe kafa tarehe 22. Na hilo neno "LE" alilichomeka yeye, msemo wa kawaida hauna. Kwa nini alichomeke kama si kutimiza hesabu?

#17 Nyuki Mkali
NIPE ELFU TANO NILE CHIPSI. Hesabu herufi, mkuu. 22. Nipe sasa.

#18 Chumvi ya Uvinza
Tuache chipsi. Mzee #5 anasema nia za Misa, sawa, lakini hajajibu hili: kwenye shajara yake, tarehe 21 Septemba 1891, Saunière aliandika kwamba kaburi limegunduliwa. Kaburi gani? Na mwaka 1895 wanakijiji walimlalamikia kwa préfet, mwakilishi wa serikali huko Aude, kwamba anachimbachimba makaburini na kuhamisha misalaba yao. Mtu anayeuza Misa kwa posta anatafuta nini makaburini?

Kumbukeni eneo lenyewe. Wavisigothi, kabila la kale la Kijerumani, walioipora Roma mwaka 410 walikuja kutawala huku. Na Roma ilikuwa na vyombo vya Hekalu la Yerusalemu ambavyo Tito alivipora mwaka 70. Halafu Wakathari, Wakristo walioitwa wazushi na Kanisa, waliochomwa moto zaidi ya 200 chini ya ngome ya Montségur mwaka 1244. Yote hayo ni jirani na kijiji hiki. Unganisheni.

#19 Dada Zuhura
Kaka Chumvi, unaunganisha kamba za mashati tofauti. Wakathari walihubiri ufukara, dunia yenyewe kwao ilikuwa kazi ya mwovu. Watu hao ndio wafukie dhahabu? Na kutoka mwaka 70 hadi 1891 dhahabu imepita mikono mingapi bila mtu kuyeyusha hata kijiko?

Kaburi linaweza kuwa kaburi tu. Kanisa lile lilitabarukiwa mwaka 1059, ukivunja sakafu lazima ukutane na mtu. Labda alipata vito vidogo vya marehemu akauza. Hiyo naweza kuikubali.

#20 Mtoto wa Usambaa
Uzi huu umenigusa pabaya. Baba yangu mdogo, Lushoto, alifuatwa na jamaa wawili wenye karatasi iliyokunjwa mpaka inachanika, "ramani ya Mjerumani". Alama ni msumari mkubwa uliopigiliwa kwenye mkuyu. Chini yake masanduku ya rupia. Mganga akaletwa, kila usiku jogoo mweusi na laki tatu, vinginevyo "mali inashuka". Usiku wa tatu sururu ikagonga chuma. Wakakumbatiana. Kumbe bomba la mradi wa maji. Kijiji kizima kikakaa siku nne bila maji, na baba mdogo akatozwa ng'ombe. Wale jamaa wa ramani mpaka leo hawajulikani walipo.

Kwa hiyo nikisikia "ramani", "kaburi", "alama", tumbo linacheza. Ila tofauti moja: baba mdogo alibaki na deni. Saunière alibaki na ghorofa.

#21 Kijiti cha Mbege
Siku nne bila maji 😂😂 Msalimie sana baba mdogo.

#22 Nyuki Mkali
Posti namba 22. Namba Hazidanganyi, uko salama huko?

#23 Mlinzi wa Zamu
Mnachekacheka, mbona hamsemi mauaji? Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha Coustaussa. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote, mwaka 1897, paroko wake mzee, Antoine Gélis, alipigwa kichwani mpaka akafa, ndani ya nyumba yake. Muuaji akamlaza vizuri, mikono kifuani. Pesa zilizokuwamo ndani hazikuguswa. Mpaka leo hajulikani nani. Mzee huyo alikuwa mtu wa kujifungia, hafungulii mtu ovyo. Alimfungulia nani usiku ule?

#24 Hesabu Tupu
Kesi ya kweli hiyo, na inatisha. Lakini kutoka hapo hadi Saunière kuna daraja gani? Kuwa mapadri jirani tu? Kwa hesabu hiyo kila jirani ni mshukiwa.

#25 Mlinzi wa Zamu
Mimi nimeuliza tu. Kuuliza si kosa.

#26 Lushois wa Toulouse
Kitu ambacho hakuna aliyekitaja: hadithi ya hazina haikuenea dunia nzima enzi za Saunière. Mwaka 1946 Marie, akiwa mzee, alimwachia mali yote bwana mmoja mfanyabiashara, Noël Corbu, kwa makubaliano aishi humo hadi kufa. Alikufa Januari 1953. Corbu akafungua hoteli na mgahawa kwenye lile jumba. Kilima hakina wateja, barabara ni ile mliyosikia. Januari 1956 gazeti la Toulouse, La Dépêche du Midi, likatoa habari mfululizo za "paroko mwenye mabilioni" na hazina aliyoigundua. Msimulizi? Corbu, mwenye hoteli. Wateja wakaja, na sururu mkononi.

Halafu akatokea Pierre Plantard, aliyesajili chama chake cha Prieuré de Sion mwaka huo huo wa 1956, mbali kabisa na huku, mpakani na Uswisi. Miaka ya 60 yeye na wenzake wakapandikiza nyaraka kwenye Maktaba ya Taifa Paris, zinazomfanya yeye kuwa mzao wa wafalme wa kale. Wakaunganisha na Saunière. Zile ngozi zilizoandikwa mafumbo, ambazo Saunière anadaiwa kuzikuta kanisani, zilitengenezwa na rafiki yake Plantard, Philippe de Chérisey. Mwaka 1993 jaji alimhoji Plantard, naye akakiri kwamba ni mambo ya kutunga.

#27 Otis wa Ziwani
Wah. Kwa hivyo ile riwaya ya Dan Brown ya 2003, yule mzee anauawa ukurasa wa kwanza huko Louvre akiitwa Jacques Saunière, jina lilitoka hapa? Nyinyi watu wa Bongo mnajua vitu na hamsemi.

#28 Dada Zuhura
Ndiyo, ndilo hilo. Na mwenye kukusimulia ni mtu wa Lubumbashi, usitupe sifa zisizo zetu.

#29 Chumvi ya Uvinza
Corbu aliuza hoteli, sawa. Lakini ghorofa Corbu alilikuta. Mtu akitangaza duka kwa uongo haimaanishi bidhaa haikuwepo. Na vipi kaburi la Poussin? Mchoraji kachora wachungaji wanne mbele ya kaburi, picha iko Louvre, na karibu na Arques, jirani na kijiji, kulikuwa na kaburi linalofanana kabisa, mpaka mlima wa nyuma.

#30 Hesabu Tupu
Poussin kachora karne ya 17. Hilo kaburi la karibu na Arques, mahali panaitwa Les Pontils, limejengwa karne ya 20. Labda mjenzi aliiona picha, Poussin hawezi kuwa aliliona kaburi. Na mwenye shamba alilibomoa mwaka 1988, kachoshwa na watu kuja kulivunja.

#31 Dada Zuhura
Mimi katika hadithi yote hii namfikiria Marie. Aliingia kwa yule padri akiwa binti, akamhudumia mpaka kifo, kisha akabaki miaka 36 kwenye kilima kile na majumba asiyoweza kuyatunza, kila mtu akimtazama kama sanduku lenye kufuli. Inasimuliwa kwamba alimwahidi Corbu kumwambia siri kabla hajafa, kisha akapooza, ulimi ukafunga. Nani aliyesimulia? Corbu tena. Lakini jiulizeni: kama angekuwa na dhahabu, angehitaji mgeni wa kumtunza uzeeni?

#32 Nyuki Mkali
Au alijua kabisa kwamba anayedhaniwa ana dhahabu hatunzwi vibaya. Bibi yangu alikuwa na sanduku chini ya kitanda, wajukuu tulimchotea maji miaka yote kwa adabu. Tulipofungua, kanga mbili na hirizi.

#33 KatekistaMstaafu
Zuhura kasema neno. Nami niongeze: Saunière mwenyewe alimaliza vibaya. Askofu mpya, Beauséjour, alimhamisha mwaka 1909 kwenda Coustouge, akakataa, akajiuzulu uparoko na kubaki kwenye jumba lake. Ilipokuja vita ya 1914, akawa mtu wa madeni. Mwenye hazina hakopi. Mwenye biashara iliyokatwa mrija ndiye anayekopa.

#34 Mlinzi wa Zamu
Mzee, pia mwenye hazina asiyeweza kuiuza wakati wa vita anakopa. Na kuna wanaosema alilipwa na wale wa ufalme, tangu zile 3,000 za yule mjane. Pesa ya siasa haiandikwi daftarini.

#35 Hesabu Tupu
Mpaka sasa tuna: nia za Misa, vito vya kaburini, wafadhili wa ufalme, Wavisigothi, Freemason, na chipsi. Naona chipsi ndiyo yenye ushahidi wa herufi.

#36 Otis wa Ziwani
Lushois, sasa hivi watu wa hapo wanaishije? Wanalima?

#37 Lushois wa Toulouse
Wanaishi na sisi wageni. Makumi ya maelfu kwa mwaka. Kuna duka la vitabu, mgahawa, makumbusho kwenye nyumba ya paroko. Baraza la kijiji, maana hata kijiji cha watu chini ya 100 hapa kina meya wake, lilipiga marufuku kuchimba mwaka 1965, kwa sababu watu walikuwa wakija na baruti. Mlangoni mwa kijiji kuna kibao: kuchimba ni marufuku. Mwaka 2004 jeneza la Saunière likatolewa makaburini na kuwekwa kwenye bustani yake mwenyewe, maana wachimbaji hawamwachi apumzike. Makaburi yakafungwa kwa wageni.

Mwaka 2003 waliruhusu wataalamu, baada ya kifaa cha kupima chini ya ardhi kuonyesha kitu kama sanduku chini ya Tour Magdala. Wakachimba. Jiwe. Na mwaka 2017, siku ya duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, mwanamke aliyeficha uso aliingia kanisani na shoka, akamkata shetani kichwa.

Halafu kuna majirani wao wa Bugarach, penye mlima wa mita 1,230. Desemba 2012, watu walipodai dunia inaisha na mlima huo tu utapona, polisi waliufunga mlima. Siku yenyewe waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko waliokuja kuokoka. Ukanda ule maji yake yana kitu.

#38 Kijiti cha Mbege
Mita 1,230? Nyumbani kwetu Kibosho hiyo ni bonde.

#39 Chumvi ya Uvinza
Asanteni wote, japo hamjanishawishi. Kaburi la 1891 hakuna aliyelijibu mpaka mwisho. Lushois, nikifika Ulaya mwakani, napandaje huko?

#40 Lushois wa Toulouse
Treni hadi Carcassonne, halafu kodi gari, saa moja hivi, pitia Limoux unywe Blanquette, mvinyo wao wa povu, kama unakunywa. Ukifika juu usionekane na jembe.

#41 Mtoto wa Usambaa
Jioni hii nimemsomea baba mdogo uzi wote, mwanzo hadi mwisho. Amesikiliza kwa utulivu sana, hajacheka hata pa chipsi. Kisha kauliza swali moja: hicho kifaa cha kupima chini ya ardhi kinauzwa shilingi ngapi?